Kubadilisha breki za ngoma za nyuma za pikapu nyumbani: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

MAKINDYE, Kampala – Kazi ya kubadilisha viatu vya breki za nyuma vya pikapu inaweza kufanywa uani nyumbani kwa siku moja, kwa vifaa vya kawaida, iwapo mwenye gari anafuata utaratibu na anajua mahali pa kuacha na kumwita fundi. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, makosa yanayorudisha gari gereji, na namna ya kupiga hesabu kujua kama kazi ya nyumbani inalipa.

Pikapu nyingi zinazobeba bidhaa kati ya Kampala na mipaka ya Busia, Malaba, Mutukula, Elegu na Katuna zina breki za diski mbele na breki za ngoma nyuma. Pikapu inapokuwa tupu, breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ikishapakiwa, uzito huhamia nyuma na ngoma ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko dereva anavyodhani. Mfanyabiashara anayebadilisha pedi za mbele kila mara na kusahau ngoma za nyuma anatunza breki za gari tupu, si za gari lenye mzigo.

Mazingira ya Makindye

Makindye ni moja ya tarafa tano za Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), pamoja na Kampala ya Kati, Kawempe, Nakawa na Rubaga. Ni eneo la vilima. Barabara hupanda na kushuka kati ya Makindye yenyewe, Nsambya, Kabalagala, Kansanga na Lukuli, na nyingine huteremka hadi Ggaba, ambako samaki na mazao huingia kupitia Ziwa Victoria. Pikapu inayotoka Ggaba na samaki asubuhi au inayopeleka saruji Lukuli hukanyaga breki mara nyingi zaidi kuliko ile inayokwenda mwendo mmoja kwenye barabara kuu.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikishuka kimo cha mita 100 kwa breki peke yake, hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 9 za maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi. Joto hilo lote huingia kwenye diski na ngoma. Mwendo nao una hesabu yake: kasi ikipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu inayopaswa kumalizwa na breki haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Ngoma inavyofanya kazi

Ngoma ni bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo mafundi wengi huviita breki shuu. Juu ya kila kiatu kumebandikwa au kupigwa ripiti lainingi, yaani tabaka la msuguano linalolika taratibu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma silinda ndogo ya gurudumu, silinda hutanua viatu, na viatu huibana ngoma kutoka ndani. Akiachilia, springi huvirudisha viatu ndani.

Kati ya viatu kuna adjasta, kijiti chenye gurudumu dogo la meno ambacho hurefushwa kadiri lainingi inavyolika. Kwenye pikapu nyingi hendibreki nayo hutumia viatu hivi hivi kupitia waya. Kwa hiyo viatu vikilika au adjasta ikikwama kwa vumbi na kutu, pedali hushuka chini na hendibreki hupandishwa juu zaidi.

Ngoma ina udhaifu mmoja ambao kila msafirishaji anapaswa kuufahamu. Ikipata joto hutanuka na kuwa mbali na viatu, wakati lainingi nayo hupoteza mshiko. Ndiyo maana kwenye mteremko mrefu pedali inaweza kuwa nzuri mwanzoni na kuwa dhaifu mwishoni. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan kwenye barabara ya Eldoret–Nakuru nchini Kenya, ambao hupitiwa na mizigo inayotoka na kuingia Malaba na Busia, umejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori yaliyoishiwa breki. Viatu vipya havibadilishi jambo hilo: mteremko hushukwa kwa gia ndogo, na breki hukanyagwa kwa vipindi.

Dalili za kuangalia

Gari lifunguliwe mapema ikiwa kuna mojawapo ya haya:

- Hendibreki inapanda juu kuliko kawaida, au haishiki gari kwenye mwinuko.
- Pedali inashuka sana kwa mkanyago wa kwanza, kisha inapanda ikipigwa mara ya pili.
- Sauti ya chuma kusaga chuma kutoka nyuma. Hii ina maana kwamba lainingi imekwisha na ngoma inaharibiwa.
- Gari linavuta upande mmoja, au gurudumu moja la nyuma lina joto kuliko jingine baada ya safari.
- Unyevunyevu upande wa ndani wa tairi la nyuma. Yanaweza kuwa mafuta ya breki au oili ya difu.
- Chombo cha mafuta ya breki kinapungua mara kwa mara.

Kununua spea

Kampala ina masoko kadhaa ya spea, na soko la Kisekka, katikati ya jiji, limejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Wasafirishaji wanaofika Nairobi hununua barabara ya Kirinyaga, na wanaofika Dar es Salaam hununua Kariakoo na Gerezani. Popote mtu anaponunua, mambo yafuatayo yazingatiwe.

Nenda na namba ya chesisi pamoja na kiatu cha zamani, au picha yake na vipimo. Pikapu za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na ngoma za ukubwa tofauti, na kiatu kilichozidi milimita chache hakikai.

Viatu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzuri. Lainingi mpya upande mmoja na iliyochakaa upande wa pili hufanya gari livute pembeni, hasa kwenye mvua.

Angalia spea yenyewe kabla ya kuangalia boksi. Boksi zuri huchapishwa kwa bei rahisi. Lainingi iwe imeshikana na chuma bila nafasi, isiwe na nyufa, na kingo zisimeguke kwa ukucha. Maandishi ya kiwandani juu ya kiatu yasomeke. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote ni onyo. Omba risiti yenye jina la duka, kwani bila risiti hakuna pa kurudisha.

Kuna pia njia ya kupeleka viatu vya zamani kwa fundi ili abandike au apige ripiti lainingi mpya. Njia hii ni halali na ya gharama nafuu iwapo chuma cha kiatu hakijapinda na lainingi yenyewe ni nzuri. Kwa gari linalobeba mzigo mzito kila siku, tofauti ya bei ipimwe dhidi ya thamani ya mzigo.

Pamoja na viatu, nunua seti ya springi, kofia mpya za mpira au silinda ndogo nzima ikiwa inavuja, na mafuta ya breki. Chupa isome DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha chombo kwenye gari kinavyoagiza. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kwa sababu hiyo chupa iliyofunguliwa siku nyingi haifai. Oili ya injini au ya gia isitiwe kamwe kwenye mfumo huu kwa sababu huharibu mipira yote.

Wanaonunua spea upande wa pili wa mpaka wakumbuke jambo moja la forodha. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Viatu vya breki vilivyotengenezwa Japani, India au China havipati nafuu hiyo kwa kununuliwa tu Nairobi au Dar es Salaam.

Vifaa na mahali pa kazi

Vifaa vinavyohitajika ni jeki, stendi mbili imara za chuma, kabari nne, spana ya nati za magurudumu, seti ya spana, plaizi, bisibisi bapa, nyundo, msasa, brashi, grisi inayostahimili joto, mafuta ya kulegeza kutu, chupa ya maji yenye sabuni, mpira mwembamba unaoona ndani na chupa tupu ya kutolea upepo. Simu yenye kamera ni kifaa cha maana sawa na spana.

Mahali pawe tambarare. Nyumba nyingi za Makindye zina ua wenye mteremko, na hapa ndipo hatari ya kwanza ilipo. Katika pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia na hendibreki zote hushika nyuma tu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu ya kawaida huliruhusu kuzunguka huru, na gari linaweza kuondoka ingawa limewekwa kwenye gia. Kinacholishika ni kabari kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi. Kama ua una mteremko unaoonekana kwa macho, kazi ifanywe mahali pengine.

Kwenye udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Matofali na mawe si stendi, kwani tofali hupasuka bila onyo. Gari lisiwe na mzigo wowote.

Hatua za kazi

1. Legeza nati za magurudumu ya nyuma kidogo, gari likiwa bado chini. Weka kabari mbele. Inua gari kwa kuweka jeki chini ya ekseli, kisha weka stendi chini ya mirija ya ekseli pande zote mbili. Tikisa gari kwa mkono kabla ya kuingia chini. Sasa achilia hendibreki kabisa, maana ngoma haitoki ikiwa imefungwa.

2. Ondoa tairi na ulilaze chini ya ubavu wa gari kama kinga ya ziada. Fanya upande mmoja kwanza na uache mwingine bila kuguswa, ili uwe mfano wa kuangalia springi zinavyokaa.

3. Ondoa ngoma. Ikikataa, mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye kitovu na ugonge kwa nyundo kati ya bolti za gurudumu. Ngoma nyingi za pikapu za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi. Kaza bolti mbili za milimita 8 ndani yake kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, na ngoma itasukumwa nje. Ikianza kutoka na kukwama tena, imetengeneza ukingo ndani. Chomoa kizibo cha mpira kwenye sahani ya nyuma, ingiza bisibisi na urudishe adjasta ndani.

4. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu na saratani. Lowesha kila kitu kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa tambara, kisha funga tambara hilo kwenye mfuko na ulitupe. Watoto wasiwe karibu.

5. Piga picha kutoka mbele, juu na pembeni. Picha ionyeshe rangi na mahali pa kila springi, upande ambao adjasta inaangalia, na waya wa hendibreki.

6. Kagua kabla ya kufungua. Inua kingo za mipira ya silinda ndogo. Ukiona umajimaji, silinda ibadilishwe. Angalia pia katikati, ekseli inapotokea. Oili nzito yenye harufu kali ni ya difu, na maana yake sili imekwisha au tundu la kupumulia difu limeziba kwa matope. Kiatu kilicholowa oili hakisafishiki kwa petroli wala kwa moto. Hutupwa, na uvujaji hutengenezwa kwanza, vinginevyo viatu vipya vitaharibika ndani ya wiki chache.

7. Pima ngoma. Kiwango cha mwisho cha upana wa ndani huandikwa kwenye ngoma yenyewe, na kwa pikapu nyingi ni takriban milimita 2 zaidi ya ngoma mpya. Ikiwa na mikwaruzo ambayo ukucha unanasa, ipelekwe kukerezwa. Katwe, iliyo ndani ya tarafa ya Makindye, ni eneo la mafundi wa vyuma la siku nyingi. Ngoma zikerezwe zote mbili kwa kipimo kimoja, na ikiwa baada ya kukerezwa zitapita kiwango kilichoandikwa, zinunuliwe mpya. Ngoma nyembamba hupata joto haraka na inaweza kupasuka.

8. Ondoa springi za kurudisha viatu kwa plaizi, kisha bonyeza na uzungushe vikofia vya springi ndogo zinazoshikilia kila kiatu kwenye sahani. Vaa miwani, maana springi ikiruka hutafuta jicho. Tenganisha waya wa hendibreki. Mtu yeyote asikanyage pedali wakati ngoma zimeondolewa, kwani pistoni zitatoka nje.

9. Safisha sahani ya nyuma. Ina sehemu ndogo zilizoinuka ambazo viatu huteleza juu yake. Zisugue kwa msasa na uweke grisi ya joto kidogo sana, kama ukubwa wa punje ya mchele. Fungua adjasta, isafishe nyuzi, ipake grisi na uhakikishe inazunguka kwa vidole. Adjasta ya kushoto na ya kulia hutofautiana uelekeo wa nyuzi. Zikibadilishana, breki zitajilegeza badala ya kujikaza.

10. Linganisha viatu vipya na vya zamani kwa kuviweka pamoja. Hamisha wenzo wa hendibreki kwenye kiatu kipya. Kama viatu viwili vya upande mmoja havilingani, usibahatishe. Kwenye breki ambazo viatu vinafuatana kwa nguvu, chenye lainingi fupi hukaa mbele na chenye lainingi ndefu hukaa nyuma. Makosa hapa hayaonekani ngoma ikishafungwa, lakini mzigo utayaonyesha.

11. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha na upande ambao haujaguswa. Mikono yenye grisi isiguse lainingi. Zungusha adjasta hadi ngoma iingie ikigusa viatu kidogo tu, huku ikizunguka kwa mkono bila kukwama.

12. Rudia upande wa pili. Zote mbili zikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa ili viatu vijipange katikati, kisha rekebisha tena. Waya wa hendibreki urekebishwe mwisho, baada ya viatu. Wanaoanza na waya huficha viatu vilivyolegea, na tatizo hurudi baada ya muda mfupi.

13. Rudisha matairi na ukaze nati kwa mtindo wa nyota. Shusha gari, kisha malizia kukaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kutoa upepo

Ikiwa silinda au bomba halikufunguliwa, kazi hii huenda isihitajike. Ikiwa lilifunguliwa, watu wawili wanahitajika. Mmoja hukanyaga pedali polepole na kuishikilia. Mwingine hulegeza skrubu ya kutolea upepo, ambayo imeunganishwa na mpira ulioingia ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, na kuikaza kabla pedali haijaachiliwa. Huendelea hadi mapovu yaishe. Kwa pikapu nyingi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Chombo cha juu kisiachwe kikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, na yakidondokea rangi ya gari yaoshwe mara moja kwa maji.

Baada ya kazi pedali iwe ngumu na ikae juu. Pedali laini kama sponji ina maana ya hewa, na gari hilo halitoki nje ya lango.

Tahadhari kwa walioongeza springi

Wasafirishaji wengi huongeza springi za nyuma ili pikapu isikae chini inapopakiwa. Jambo hili lina uhusiano na breki ambao haufahamiki sana. Pikapu nyingi zina valvu iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukikandamiza gari, fimbo husogea na valvu huruhusu nguvu zaidi ya mafuta kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu, valvu hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na gari kuteleza.

Springi zikiongezwa, gari halishuki kama awali hata likiwa na mzigo kamili. Valvu huamini kwamba gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Mwenye gari hubadilisha viatu na ngoma bila kuona nafuu. Dawa ni fundi kurekebisha fimbo hiyo upya baada ya springi kubadilishwa, wala si kuifunga kwa waya au kuiondoa. Ikiondolewa, pikapu itakuwa hatari siku itakayorudi tupu kwenye mvua. Kwenye baadhi ya pikapu valvu hii ina skrubu yake ya kutolea upepo, nayo isisahaulike.

Kujaribu kabla ya kupakia

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama, la pili kwa mwendo wa mtu anayetembea, la tatu kwenye barabara tambarare isiyo na magari mengi. Mteremko wa Nsambya si mahali pa jaribio la kwanza. Kisha lainingi hukalishwa kwa kusimamisha gari taratibu mara 10 hadi 20 kutoka kilomita kama 40 kwa saa, na nafasi ya kupoa kati yake. Gusa rimu zote mbili za nyuma kwa uangalifu. Joto liwe sawa. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, kuna kitu kimekosewa. Mzigo wa kwanza uwe mdogo.

Hesabu ya gharama

Wengi hulinganisha bei ya fundi na bei ya kufanya wenyewe na kuishia hapo. Hesabu hiyo haijakamilika kwa sababu inaacha thamani ya siku ambayo gari limelala.

Chukua mfano wa kufundishia tu, si bei ya soko. Tuseme pikapu humwachia mwenyewe faida ya shilingi 100,000 za Uganda kwa siku, na fundi anatoza 60,000 kwa kazi ya nusu siku. Gereji itamgharimu 60,000 za fundi na 50,000 za nusu siku iliyopotea, jumla 110,000. Akifanya nyumbani kwa siku nzima ya kazi, atapoteza 100,000. Ameokoa 10,000 tu, kabla ya kununua stendi na vifaa vingine. Lakini akifanya siku ambayo gari halina kazi, kwa mfano Jumapili, ameokoa zote 110,000.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani hulipa zaidi siku ambayo gari lingelala hata hivyo. Na kwa kuwa maduka mengi ya spea hufungwa Jumapili, utaratibu mzuri ni kufungua na kukagua Jumapili moja, kununua kinachohitajika katikati ya wiki, na kufanya kazi Jumapili inayofuata. Ukaguzi ukionyesha chuma kimefika kwenye ngoma au mafuta ya breki yanavuja, gari lisirudi barabarani kusubiri wiki hiyo.

Upande wa pili wa hesabu ni hasara. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo madereva wengi hubeba wanapovuka mipaka, inahusu dhima kwa watu wengine na matibabu. Haifidii mzigo wa mwenye gari wala gari lake. Aidha, polisi wa usalama barabarani wa Uganda hukamata magari yenye ubovu wa hatari, ambao madereva huujua kwa herufi DMC. Gari likizuiliwa njiani na nyanya au samaki ndani yake, faini inaweza kuwa ndogo kuliko mzigo utakaooza.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi

Kazi isimamishwe iwapo bomba la breki limeoza au linakatika, sili ya ekseli inavuja, bolti ya gurudumu imekatika, ngoma ina ufa, taa ya ABS inawaka baada ya kazi, au pedali inaendelea kushuka polepole mguu ukiwa umeikanyaga. Hali hiyo ya mwisho, kama hakuna uvujaji unaoonekana, kwa kawaida huelekeza kwenye masta silinda. Asiyekuwa na stendi za chuma pia asianze.

Hata anayempelekea fundi ananufaika kwa kujua haya. Aombe kuona viatu vya zamani, aulize ngoma zimepimwa kiasi gani, na ahakikishe pande zote mbili zimefanywa.

Orodha ya kukagua kabla ya safari ya mpakani

- Pedali ni ngumu na haishuki ikishikiliwa kwa sekunde 30, injini ikiwa imezimwa.
- Hendibreki inashika gari lenye mzigo kwenye mwinuko.
- Mafuta ya breki yako kati ya alama mbili za chombo.
- Hakuna unyevu ndani ya matairi ya nyuma.
- Nati za magurudumu zimekaguliwa tena.
- Tarehe, kilomita na jina la duka la spea vimeandikwa kwenye daftari la gari. Wakati ujao, daftari hilo litaonyesha ni lainingi ipi iliyodumu.